Walilia waliposikia ushuhuda wa manusura, kisha wakaendelea kumdhihaki mwenzao: nimekosea wapi?

Mwalimu wa Kidato cha Tatu (mwanzisha mada)

Ndugu walimu na wasomaji wote, nawasalimu. Naja na jambo ambalo limenikosesha utulivu tangu muhula uliopita, na nitashukuru kusikia kutoka kwa waliolipitia kabla yangu.

Nilipofika kwenye mada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, niliamua kutoanza na tarehe na takwimu ubaoni kama nilivyofanya miaka yote, bali kuwaonyesha wanafunzi ushuhuda uliorekodiwa wa mama mmoja aliyenusurika akiwa na umri unaokaribiana na wao. Mama yule anaeleza jinsi alivyojificha, jinsi alivyowapoteza wazazi na ndugu zake, na jinsi alivyoishi baada ya hapo akiwa peke yake. Ushuhuda ulichukua takribani dakika 40. Darasa zima lilikuwa kimya. Wasichana kadhaa walilia, na wavulana ambao kwa kawaida hukaa nyuma wakinong'ona waliinamisha vichwa. Nilitoka nikiamini kwamba somo limewaingia.

Haikupita wiki. Nilikuwa nasahihisha madaftari karibu na dirisha, nikawasikia wanafunzi wale wale, akiwemo msichana aliyelia kuliko wenzake wote, wakimcheka mwanafunzi mgeni kwa lafudhi yake na kumwambia kwamba watu wa kwao wanajulikana kwa wizi. Naye alicheka pamoja nao, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Nilipowaita na kuwakumbusha ushuhuda waliousikiliza, walinishangaa, na mshangao wao haukuwa wa kuigiza. Mmoja akaniambia: “Lakini mwalimu, kule waliua watu. Sisi tunataniana tu.”

Nimelibeba jibu hilo hadi leo. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, simulizi ya maisha ya mtu aliyenusurika itumikeje ili mwanafunzi auone ubaguzi ulio ndani yake mwenyewe, na si ule wa watu wa mbali peke yake? Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, je, nina haki ya kuyachukua mateso ya mtu na kuyafanya zana ya kufundishia, ikiwa matokeo yake ni machozi ya saa moja?

Chaki na Ubao

Mwalimu mwenzangu, pole, na hongera kwa kutolifumbia macho jambo lile. Wengi wetu tungeridhika na yale machozi.

Nimefundisha mada hii kwa miaka mingi, na miaka ya mwanzo nilifanya kama ulivyofanya wewe. Yule kijana aliyekujibu kwamba “tunataniana tu” hakukujibu kwa ujinga wala kwa utovu wa adabu. Alikuonyesha mahali ulipoanzia simulizi. Ukianza na Aprili 1994, mwanafunzi anaona mapanga, vizuizi vya barabarani na maiti, na kwa kuwa yeye hana panga mkononi, hajioni popote katika habari ile. Anaweza kumhurumia aliyenusurika kwa moyo wake wote na bado asijiulize chochote kuhusu nafsi yake.

Simulizi nyingi za manusura, ukizisikiliza tangu mwanzo, hazianzii kwenye mauaji. Zinaanzia utotoni, na mara nyingi zinaanzia darasani. Manusura wengi waliosoma shule za msingi nchini Rwanda kabla ya 1994 wanasimulia tukio linalofanana: mwalimu anawaamuru Watutsi wasimame wahesabiwe, kisha Wahutu nao. Wapo watoto ambao hawakujua wasimame na kundi gani, wakatumwa nyumbani wakawaulize wazazi. Wapo waliosimama pamoja na marafiki zao kwa sababu ndio waliocheza nao, wakachekwa na kurudishwa kwenye kundi lililoandikwa kwenye orodha. Hakuna aliyeuawa siku hiyo. Kengele ililia, watoto wakaenda kucheza, na jioni wakarudi nyumbani wakiwa na neno jipya la kuitana.

Hapo ndipo ninapoanzia sasa. Kipindi cha kwanza hakina kifo hata kimoja. Nasoma au nawasikilizisha sehemu ya utoto tu: nyumba, michezo, baba alikuwa na kazi gani, mtoto alipenda somo gani. Halafu nasoma ile sehemu ya kusimamishwa darasani, na ninakomea hapo. Sielezi. Nawapa karatasi na kuwauliza swali moja tu: watoto waliobaki wameketi walijifunza nini siku ile? Sijawahi kupata kipindi kizito kama hicho, kwa sababu kila mwanafunzi anajua jinsi ilivyo kubaki umeketi wakati mwenzako anaaibishwa. Wengi huandika kwamba waliona nafuu. Mmoja aliandika kwamba alijifunza kuwa mwalimu akimcheka mtu, basi yule anaruhusiwa kuchekwa.

Kipindi cha pili huwa ni cha maneno. Gazeti la Kangura lilianza mwaka 1990, redio ya RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na katika vyombo hivyo binadamu aliitwa inyenzi, yaani mende, na inzoka, yaani nyoka. Nawauliza wanafunzi mtu hufanya nini akimwona mende jikoni. Wanajibu haraka, bila kufikiri, na kisha wanalitazama jibu lao wenyewe.

Kuhusu utani, usiwakatalie neno hilo, bali liulize. Utani una pande mbili: ninayemtania ana haki sawa ya kunitania, tena mbele ya watu wale wale, na ninabaki nikiwa mtu wake siku ya shida. Yule mwanafunzi mgeni angewaambia wao kwamba kwao ni wezi, wangecheka? Kama asingethubutu kufungua kinywa, basi ule haukuwa utani, na watoto wenyewe hulitambua hilo mara wanapoulizwa.

Binti wa Manusura

Mwalimu, nimesoma swali lako la pili mara kadhaa kabla ya kuandika. Mama yangu ni mmoja wa walionusurika mwaka 1994, na amewahi kukubali kuzungumza na wanafunzi mara mbili. Nitasimulia bila kutaja ni wapi.

Mara ya kwanza hakuna aliyewaandaa wanafunzi. Mama alizungumza, wakamsikiliza vizuri, na muda wa maswali ulipofika mvulana mmoja akanyoosha mkono akauliza: “Uliona kwa macho yako wakimuua mama yako?” Mtoto hakuwa na nia mbaya, alikuwa ameelewa kwamba hicho ndicho mgeni amekuja kukitoa. Mwalimu aliyekuwepo alinyamaza. Mama alijibu, kwa sababu amelelewa kutomwacha mtoto bila jibu, na wiki mbili zilizofuata hakulala usingizi wa kueleweka. Mimi ndiye niliyekaa naye usiku.

Mara ya pili ilikuwa tofauti kabisa, na tofauti yote ilitokana na kazi iliyofanywa kabla ya siku yenyewe. Mwalimu alikuja nyumbani bila kinasa sauti, akamuuliza mama anataka watoto wajue nini kuhusu maisha yake. Mama alizungumza kwa muda mrefu juu ya kaka yake aliyekuwa akimbeba kwenye baiskeli kwenda shuleni, na juu ya rafiki aliyekaa naye dawati moja kwa miaka mitatu. Wakakubaliana yapi yatasemwa na yapi hayataulizwa. Maswali ya wanafunzi yaliandikwa mapema, mama akayasoma, akaondoa mawili. Nilikaa kando yake muda wote, na aliambiwa waziwazi kwamba anaweza kusimama na kuondoka wakati wowote bila kumweleza mtu sababu. Alimaliza, na njiani aliniambia kwamba alijisikia kama mtu aliyealikwa.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba haki hiyo unaipewa na mwenye simulizi, na unaipewa kwa kiasi anachokusudia yeye. Anayekubali kurekodiwa ushuhuda wake ili ufundishwe shuleni amekupa ruhusa ya kuufundisha; hajakupa ruhusa ya kuukata ukabakiza vilio tu. Neno letu “manusura” ni zuri, lakini linamtaja mtu kwa jambo moja lililompata. Mama yangu alikuwa mtoto mbishi, mpenda hesabu, kabla hajawa manusura. Nilipotembelea Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, kule Gisozi, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000, chumba kilichonishinda kukaa ni kile cha watoto. Chini ya picha wameandika mtoto yule alipenda chakula gani, alikuwa na kitu gani cha kuchezea, rafiki yake alikuwa nani. Wanafunzi wako wanahitaji kujua mambo ya namna hiyo, kwa sababu ubaguzi huanza kwa kumwondolea mtu mambo yake madogo na kumbakizia jina la kundi.

Jambo moja zaidi, na naomba ulichukulie kwa uzito. Hujui nani ameketi mbele yako. Anaweza kuwepo mtoto wa familia iliyowindwa, na anaweza kuwepo mtoto wa familia ya waliowinda, ambaye nyumbani kwao jambo hili halitajwi. Usimwombe mwanafunzi yeyote aeleze kabila lake au habari za wazazi wake mbele ya darasa, hata kama unaona ingefaa somo. Na mtoto akitaka kutoka nje, atoke, kisha mtu mzima amfuate kwa utulivu.

Msomaji wa Nyaraka

Nimefurahishwa na mjadala huu, hasa maneno ya Binti wa Manusura, ambaye namshukuru kwa kuyaweka wazi mambo yaliyo mazito kwake. Ningependa hata hivyo kutofautiana kidogo na Chaki na Ubao, na pia kuongeza tahadhari moja ambayo naona haijaguswa.

Tahadhari yenyewe ni hii: simulizi moja ya maisha, hata ikiwa ya kweli kwa kila neno, inaweza kumwachia mwanafunzi ubaguzi mpya mahali pa ule wa zamani. Nimewahi kusahihisha insha ambazo wanafunzi waliandika, baada ya kusikiliza ushuhuda, kwamba Wahutu ni watu wakatili kwa asili yao. Walikuwa wamelia, na walikuwa wamejifunza kuhukumu watu kwa jumla. Tulidhani tumewafundisha kinyume chake.

Kwa sababu hiyo historia lazima itembee pamoja na simulizi. Mwanafunzi ajue kwamba Wahutu, Watutsi na Watwa walizungumza lugha moja, waliishi kwenye vilima vile vile, na kwamba ukoo mmoja ungeweza kuwa na watu wa makundi yote matatu. Ajue kwamba katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliwaandikisha watu na kuwapa vitambulisho vilivyotaja kundi la kila mmoja, na kwamba kitambulisho cha aina hiyo ndicho kilichokaguliwa kwenye vizuizi mwaka 1994. Wanafunzi huuliza daima kwa nini watu hawakukimbia. Kitambulisho ni sehemu ya jibu. Ajue pia sera ya mgawo, iringaniza, iliyopanga nani apate nafasi ya sekondari kwa kufuata kabila na eneo, kwani ile orodha ya darasani aliyoitaja Chaki na Ubao haikuwa hulka mbaya ya mwalimu mmoja. Ilikuwa ni kazi ya serikali.

Na hapo ndipo ningemleta Agathe Uwilingiyimana. Alikuwa Mhutu, alikuwa mwalimu wa kemia kabla ya kuingia katika siasa, na alipokuwa Waziri wa Elimu alifuta mgawo huo ili nafasi za shule zitolewe kwa kufaulu. Alichukiwa kwa hilo na hata kushambuliwa. Mwaka 1993 akawa Waziri Mkuu, na asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuawa. Mwanafunzi anayemjua mama huyu hawezi tena kuandika kwamba Wahutu ni wakatili kwa asili, na ameshaona kwamba kukataa orodha ni jambo ambalo mtu halisi alilifanya akiwa kazini kwake.

Ninapotofautiana na Chaki na Ubao ni kuhusu uzito wa mauaji yenyewe. Kipindi cha kwanza kisicho na kifo nakikubali. Lakini mada isimalizike huku ukubwa wa jambo ukiwa umefunikwa. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu wasiopungua 800,000 kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Wapo wanaokanusha kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari, na wanafunzi wetu watakutana na maneno yao kwenye simu kabla hawajamaliza shule. Wakumbusheni kwamba mahakama ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda ilikaa Arusha, kwamba tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na kwamba Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wa Kangura na RTLM. Hukumu hii ya pili inamjibu moja kwa moja kijana wa “tunataniana tu”: walioshitakiwa pale walishitakiwa kwa maneno.

Ikiwezekana, linganisheni pia na mahali pengine, ili isije ikaonekana kuwa ni ugonjwa wa bara moja. Nchini Ujerumani, sheria ya Aprili 1933 iliwawekea wanafunzi wa Kiyahudi kikomo katika shule, Novemba 1938 wakafukuzwa kabisa katika shule za serikali, na kuanzia Septemba 1941 mtoto wa Kiyahudi wa miaka sita alilazimika kushonewa nyota ya njano kwenye nguo. Ni darasa lile lile tena.

Mwisho, nawasihi msigawanye wanafunzi katika makundi ili “waonje” kubaguliwa au kujificha. Mtoto akipangiwa kuwa anayewindwa atatoka na kidonda au na mzaha, na vyote viwili ni dhuluma kwa waliopitia jambo lenyewe.

Chaki na Ubao

Nakubali kuhusu hesabu na hukumu. Huwa nazifundisha katika kipindi cha tatu na ningepaswa kusema hivyo. Kwenye hoja ya waliokataa, naongeza wanafunzi wa Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wavamizi waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, wakasema wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa na wengine wakajeruhiwa, na leo wanaheshimiwa nchini mwao kama mashujaa wa daraja la Imena.

Nawapa habari hii mwisho kabisa, siku ya pekee, kwa sababu ni darasa lililoambiwa lifanye kile kile kilichofanywa na orodha ya zamani. Lakini siiharakishi. Mwanafunzi akiipata mapema mno anajidhania papo hapo kuwa angekuwa mmoja wao, na anaacha kujiuliza kuhusu lile dawati ambalo yeye alibaki ameketi.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu (mwanzisha mada)

Nawashukuru wote. Nimesubiri kuandika hadi nifanye jambo kwanza.

Nilianza kwa kumwita yule mwanafunzi mgeni peke yake. Sikumwuliza habari za kwao. Nilimwambia tu kwamba nilisikia, kwamba haikuwa sawa, na kwamba nilichelewa kusema. Alijibu, “Nimezoea, mwalimu,” nami nikamwambia kwamba hilo ndilo ninalotaka likome.

Kisha nikarudi kwenye ushuhuda ule ule niliowaonyesha muhula uliopita, na nilipousikiliza upya nyumbani niligundua jambo ambalo limenitia uchungu. Dakika kumi na mbili za mwanzo mama yule anazungumza juu ya utoto wake, na katikati yake kuna siku aliyosimamishwa darasani. Mimi nilikuwa nimeziruka dakika hizo ili tufike haraka kwenye “sehemu yenyewe”. Safari hii nilizionyesha hizo tu, nikasimamisha video pale alipoketi tena, nikawapa swali la Chaki na Ubao.

Hawakulia. Walibishana. Kijana yule aliyenijibu kuhusu utani aliandika kwamba waliobaki wameketi hawakuwa na kosa kwa kuwa walikuwa watoto, na mwenzake akamuuliza walikuwa na umri gani walipoacha kuwa watoto. Yule msichana aliyelia aliandika nusu ukurasa, akaukunja, akaniomba nisiusome mbele ya darasa. Sikuusoma. Hajamwomba radhi mwenzake mgeni, na sijamlazimisha.

Wiki ijayo tunaingia kwenye maneno ya Kangura na RTLM, na baada ya hapo habari za Uwilingiyimana. Binti wa Manusura, nina ombi kwako, nawe una uhuru wa kulikataa. Ulisema mama alizungumza juu ya rafiki aliyekaa naye dawati moja. Wanafunzi wangu wameanza kuniuliza kuhusu watoto wa dawati moja, nami sitaki kubuni. Je, mama angependa waulize nini?

Binti wa Manusura

Nimemsomea yote uliyoandika. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema wasiulize rafiki yule alifanya nini mwaka 1994, kwa sababu hilo ni lao wawili. Waulize alikuwa anaitwa nani, na kama walikuwa wakisaidiana hesabu. Akasema walikuwa wakisaidiana, na kwamba jina atakupa yeye mwenyewe kwa simu, ukipenda kumpigia jioni.